Tarakilishi haichezi ngoma hadi ifunzwe na mwenye ngoma

Neno "uraibu" limekosa bahati katika Kiswahili cha magazeti ya siku hizi. Likionekana katika kichwa cha habari, aghalabu huandamana na pombe, mihadarati au kamari. Hata hivyo, kamusi zetu zinalipa neno hilo maana nyingine isiyo na hatia: jambo ambalo mtu amezoea kulifanya kwa kujifurahisha katika saa zake za mapumziko, kama vile kukusanya stampu, kufuga njiwa au kupiga picha. Maana hizo mbili zinaishi katika nyumba moja, na mzazi anayemwona mwanawe ameinamia kipakatalishi hadi usiku wa manane hana njia rahisi ya kutambua ni ipi kati yazo anayoishuhudia.

Makala haya yanahusu uraibu mmoja wa aina hiyo ya pili. Ni uraibu wa kuandika programu zinazoifanya tarakilishi ichore picha zinazobadilika kwa kuufuata muziki. Ngoma ikilia, duara hupanuka. Filimbi ikipanda, rangi ya samawati hugeuka nyekundu. Wimbo ukinyamaza, kiwambo nacho hutulia. Picha hizo hazikurekodiwa mahali zikahifadhiwa. Huzaliwa papo hapo, sauti inapoingia katika mashine, na wimbo uleule ukipigwa kwa kasi nyingine picha nazo huwa nyingine. Anayezitengeneza kwa kawaida halipwi wala hatahiniwi. Hufanya hivyo kwa sababu inampendeza kuona kile ambacho kwa kawaida husikika tu.

Je, hili ni jambo la kuwashughulisha walimu na wanafunzi, ilhali wana mitihani ya kukabiliana nayo? Nadai kwamba ni jambo lao hasa. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha silabasi ya usimbaji, yaani uandishi wa programu, kwa shule za msingi na za upili. Mtaala wa umilisi nao unawagawa wanafunzi wa sekondari pevu katika mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi za Michezo. Maamuzi haya mawili yanatulazimisha kuuliza usimbaji ni nini na ni wa nani. Je, ni ufundi wa wale wa mkondo wa kwanza peke yao, au ni namna ya kuandika ambayo kila mwenye la kusema anaihitaji? Uraibu ninaouzungumzia unatoa jibu lililo bayana kuliko hotuba nyingi za warsha.

Kwanza, tuondoe dhana kwamba jambo hili ni mtindo wa juzi. Wazo lenyewe ni kongwe kuliko tarakilishi. Mwaka 1725 padri Mfaransa, Louis-Bertrand Castel, alipendekeza kinanda cha macho ambacho kila noti yake ingeonyesha rangi yake. Mwaka 1787 Mjerumani Ernst Chladni alichapisha matokeo ya majaribio yake ya kunyunyiza mchanga juu ya bamba na kulisugua ukingoni kwa uta wa fidla. Mchanga ulijipanga katika michoro iliyobadilika kila sauti ilipobadilika. Oskar Fischinger, aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani mwaka 1936, alining'iniza maumbo ya karatasi na kuyapiga picha moja baada ya nyingine hadi yakaonekana yakicheza sambamba na muziki wa Franz Liszt katika filamu An Optical Poem ya mwaka 1938. Naye John Whitney, Mmarekani, alichukua mtambo uliotumiwa vitani kulengea mizinga ya kutungulia ndege, akaugeuza kuwa chombo cha kuchorea filamu.

Tarakilishi ilipoingia majumbani, kazi iliyowagharimu watu hao miezi mingi ikawa ya jioni moja. Watu waliokuwa wakisikiliza muziki kwa programu ya Winamp mwanzoni mwa karne hii watakumbuka MilkDrop, iliyoandikwa na Ryan Geiss na kutolewa mwaka 2001, ambayo ilijaza kiwambo mawimbi ya rangi kila wimbo ulipochezwa. Mwaka huohuo wa 2001 Casey Reas na Ben Fry walianzisha lugha ya Processing katika chuo cha MIT, wakiwalenga wasanii ambao hawakuwahi kuandika programu. Kutokana na lugha hiyo, Lauren Lee McCarthy alianzisha p5.js mwaka 2013, inayotumika ndani ya kivinjari cha kawaida. Olivia Jack naye akaunda Hydra, ambayo humwezesha mtu kuandika na kubadilisha picha papo hapo mbele ya hadhira huku muziki ukiendelea. Vyombo hivi vitatu havilipiwi chochote.

Msomaji ataona kwamba hakuna katika historia hiyo mtu aliyesimama upande mmoja tu. Padri aliingia katika fizikia, mtaalamu wa sauti akachora, mchoraji akahesabu fremu za filamu, na mtambo wa vita ukawa brashi. Lau watu hao wangegawiwa mikondo wakiwa na umri wa miaka kumi na mitano na kukatazwa kuvuka mipaka yake, sina yakini kama mojawapo ya kazi hizo ingekuwapo leo.

Sasa tutazame kazi yenyewe inavyofanyika, maana hapo ndipo palipo na somo. Kipaza sauti hupokea mitetemo ya hewa, na tarakilishi huipima mara nyingi mno. Kipimo kilichozoeleka tangu enzi za sidii ni mara 44,100 kwa kila sekunde. Matokeo yake ni mlolongo mrefu wa tarakimu. Tarakimu hizo zikichorwa jinsi zilivyo, mtazamaji ataona mstari unaotikisika tu, na hataweza kutofautisha sauti ya udi na ya zumari. Inabidi mlolongo huo uvunjwevunjwe ili tujue ni kiasi gani cha sauti nzito, cha kati na nyembamba kilichomo.

Njia ya kuuvunja tulirithishwa na mwanahisabati Mfaransa, Joseph Fourier, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu joto alionyesha kwamba umbo tata linaweza kuelezwa kuwa jumla ya mawimbi mengi sahili. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walichapisha namna ya kufanya hesabu hiyo kwa haraka kwa tarakilishi, na haraka hiyo ndiyo inayouwezesha uraibu wetu. Katika p5.js, mathalani, sauti hugawanywa kwa kawaida katika vikapu 1,024, kila kimoja kikiwa na upana wa takriban Hezi 21.5, yaani mitetemo ishirini na moja na nusu kwa sekunde. Kila kikapu hupewa alama kati ya 0 na 255 kulingana na wingi wa sauti iliyomo. Mwandishi wa programu huchukua alama hizo na kuamuru: alama za kikapu hiki ziwe kipenyo cha duara, za kile ziwe rangi, za kingine ziwe kasi ya mzunguko. Kiwambo huchorwa upya hata mara 60 kwa sekunde, na jicho huona mwendo.

Sisi tunaofundisha fonetiki tumeishi na hesabu hii kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1940 watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani waliunda mashine ya kuchora spektrogramu, yaani picha ya sauti ya binadamu inavyosambaa kutoka nzito hadi nyembamba kadiri muda unavyopita. Leo mwanafunzi wa isimu hupata picha hiyo kwa kipakatalishi chake. Akitamka "baba" kisha "bibi", ataona tofauti ya irabu kwa macho: katika irabu [i] mikanda miwili ya chini ya nguvu ya sauti hutengana sana, mmoja ukiwa chini na mwingine juu, ilhali katika irabu [a] mikanda hiyo hukaribiana. Mwalimu aliyewahi kuhangaika kueleza kwamba ulimi umepanda mbele au umeshuka chini atajua thamani ya picha kama hiyo.

Hata hivyo, spektrogramu haijui kwamba "baba" ni neno. Haijui silaba inaanzia wapi wala mkazo uko wapi. Inaonyesha kila kitu kwa usawa: sauti ya msemaji, feni inayozunguka darini na matatu inayopiga honi nje. Kuamua kipi ni lugha na kipi ni kelele ni kazi ya mtu anayeijua lugha hiyo. Nashikilia kwamba hali ndiyo hiyo katika picha za muziki. Tarakilishi hupima, mtu huamua kipi kati ya vilivyopimwa ndicho muziki. Uraibu huu, ukitazamwa vizuri, ni mazoezi ya kusikiliza kabla ya kuwa mazoezi ya kuchora.

Nitoe mifano mitatu. Wa kwanza ni wa kihesabu. Sikio la binadamu huhesabu kwa kuzidisha: noti ya Hezi 110, ya 220, ya 440 na ya 880 husikika kama ngazi zilizo na urefu sawa, ingawa kila moja ni maradufu ya iliyotangulia. Vikapu vya tarakilishi, kwa upande wao, vina upana uleule kuanzia chini hadi juu. Kwa hivyo oktava ya kutoka Hezi 110 hadi 220 hupata takriban vikapu 5 tu, ilhali ile ya kutoka 3,520 hadi 7,040 hupata zaidi ya 160. Mwanagenzi anayechora vikapu vyote kama nguzo zilizopangwa kwa safu hushangaa kuona muziki wote umesongamana katika pembe ya kushoto ya kiwambo, na sehemu kubwa iliyosalia ikiwa karibu tupu. Hajakosea hesabu. Ametumia kipimo cha mashine mahali palipohitaji kipimo cha sikio. Siku atakapolielewa jambo hilo, atakuwa amekutana na logi kwa namna ambayo jedwali la kukariri halikuwahi kumkutanisha nayo.

Mfano wa pili unahusu midundo. Vyombo hivi huja na mipaka iliyokwisha kuwekwa. Katika p5.js, besi ni sauti iliyo kati ya Hezi 20 na 140, na juu yake kuna kanda nyingine nne zenye mipaka yake. Somo la kwanza ambalo wanagenzi wengi hupewa ni kuifanya picha iruke kila besi inapopiga. Ushauri huo unafaa sana kwa muziki wa disko wa kielektroniki, ambao ngoma yake nzito hupiga bila kukosa katika kila pigo. Sasa mpe mwanagenzi huyo rekodi ya nyatiti ya Waluo. Mpigaji hukung'uta nyuzi nane kwa vidole, lakini katika kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o, anayoigonga kwenye ubao wa ala yenyewe, na mguuni amefunga njuga ziitwazo gara. Mdundo wa nyatiti uko mguuni. Mlio wa njuga hausikiki katika besi. Umetapakaa huko juu kwenye sauti nyembamba. Mgongo wa pete nao ni mfupi na mkavu, na nguvu yake si kubwa kuliko ya nyuzi. Programu inayosubiri besi itayumba ovyo kwa kuzifuata nyuzi nzito, na mtazamaji anayeujua muziki huo ataona mara moja kwamba picha imeupoteza mguu.

Dawa ipo, wala si ngumu. Mwandishi anaweza kuiambia programu isipime ukubwa wa sauti bali ongezeko lake la ghafla kutoka fremu moja hadi inayofuata, na isikilize kanda za juu peke yake. Hapo njuga hujitokeza. Ila hakuna atakayefikiria dawa hiyo asipojua kwanza kwamba njuga ndizo zinazobeba mdundo. Ujuzi huo hautoki katika mwongozo wa programu. Unatoka kwa mtu aliyekaa karibu na mpigaji akaona mguu unafanya nini.

Mfano wa tatu ni orutu, fidla yenye uzi mmoja. Uta unapopita juu ya uzi, sauti huendelea bila kukatika na ukubwa wake hubadilika kidogo tu. Kinachosafiri ni kimo cha noti, kinachopanda na kuteleza. Picha inayofuata ukubwa wa sauti itasimama karibu kama jiwe huku wimbo ukiwa katika kilele cha utamu wake. Inapasa ifuate kimo. Kinyume chake ni dumbaki ya taarabu: ngoma moja, mkono mmoja, lakini pigo la katikati hutoa sauti nzito na la ukingoni hutoa sauti kali. Programu inayoichukulia dumbaki kuwa sauti moja hupoteza nusu ya mazungumzo. Mwenye kuijua atazipa sauti hizo mbili maumbo mawili yanayojibizana.

Ninapendelea kulinganisha jambo hili na tafsiri. Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno huwa hajakosea neno hata moja, na bado sentensi yake haisemi kitu. Picha inayoruka kwa kila kelele ni tafsiri ya neno kwa neno. Picha inayochagua, inayonyamaza mahali na kungoja, ni fasiri ya mtu aliyeuelewa muziki kabla ya kuandika. Ndiyo sababu nasema uraibu huu ni wa jamii moja na insha. Katika yote mawili kanuni za sarufi hazina budi kutiiwa, na katika yote mawili kuzitii peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwandishi.

Lipo pia suala la lugha, ambalo siwezi kulipita kimya. Amri za msingi za lugha hizi za usimbaji zimetokana na Kiingereza, na mwanafunzi hana hiari ila kuzikariri. Lakini programu yoyote ina sehemu mbili. Kuna amri alizoziweka mwasisi wa lugha, na kuna majina anayoyabuni mwandishi mwenyewe kwa ajili ya vitu vyake. Majina hayo ni huru. Hakuna kinachomzuia mwanafunzi wa Siaya au wa Lamu kuiita thamani moja "njuga", nyingine "uzi" na ya tatu "kimya". Hali kadhalika maelezo anayoyaandika pembeni kumkumbusha msomaji nia yake yanaweza kuwa Kiswahili fasaha. Jambo hili si pambo. Mwanafunzi aliyeandika kwamba "njuga" zikizidi kiasi fulani duara lipanuke, ameeleza nadharia yake ya muziki kwa maneno anayoyaelewa, na mwalimu wa Kiswahili anaweza kuisoma na kuihoji. Istilahi hukua kwa kutumiwa na watu wenye haja nazo. Orodha inayokaa kabatini haikuzi lugha.

Kuna watakaouliza: maadamu tangu mwaka 2022 kumekuwa na programu za akili unde kama ChatGPT, zinazoandika msimbo kwa kuombwa tu, mwanafunzi ana haja gani ya kujihangaisha? Swali ni la haki. Ni kweli kwamba programu hizo zinaweza kumwandikia mtu msimbo wa picha inayoruka na besi kwa muda mfupi sana. Hata hivyo, mwombaji hupata alichojua kuomba. Asiyejua kwamba mdundo uko mguuni ataomba picha inayocheza nyatiti, atapewa picha inayocheza besi, na hatajua kwamba amepunjwa. Kadiri mashine inavyozidi kuwa hodari wa kuandika, ndivyo kazi ya mwanadamu inavyozidi kuegemea upande wa kusikiliza na kuhukumu. Na mtu hujifunza kuhukumu kwa kuandika mwenyewe, kutazama, kufuta na kuandika tena.

Pingamizi zito zaidi ni la vifaa. Shule nyingi zina vipakatalishi vichache au hazina kabisa, na umeme wa kutegemewa bado ni neema isiyowafikia wote. Sitaki kuifunika hali hiyo kwa maneno matamu. Lakini kazi hii haidai chumba kizima cha mashine. Kipakatalishi kimoja chenye kipaza sauti, kikiwa mbele ya darasa, kinatosha kuanzia. Maktaba za p5.js zikishapakuliwa mara moja, hazihitaji intaneti tena. Sehemu muhimu ya somo, yaani kusikiliza na kuamua, hufanyika kwa kalamu na karatasi: wanafunzi husikiliza wimbo, huorodhesha sauti wanazozitambua, hubishana ni ipi inayoubeba wimbo, na kuchora wanavyotaka ionekane. Mashine huja mwisho kuwapima.

Zaidi ya hayo, mwalimu wa Kiswahili ana mtaji ambao pengine hajautambua. Anapofundisha ushairi, huwafunza wanafunzi kuhesabu mizani, kugawa mshororo katika vipande na kuona vina vinaangukia wapi. Huko ni kupima mdundo kwa tarakimu. Mwanafunzi anayejua kwamba mshororo wenye mizani kumi na sita umegawika nane kwa nane ana msingi wa kuelewa kwa nini picha inapaswa kupumua katikati ya mstari. Mwalimu wa hisabati akimwongezea logi, mwalimu wa fizikia akamwongezea mitetemo, na mwalimu wa muziki akamfunza kutofautisha chapuo na msondo, somo litakuwa limekamilika bila ya yeyote kati yao kutoka nje ya silabasi yake.

Yapo mambo mawili ya kuwaonya wanaoanza. La kwanza ni afya. Tarehe 16 Desemba 1997 watoto zaidi ya 600 nchini Japani walipelekwa hospitalini baada ya kutazama kipindi cha vibonzo vya Pokémon kilichokuwa na mimweko ya haraka ya rangi nyekundu na samawati. Baadhi ya watu huweza kupata kifafa kwa mimweko ya aina hiyo, na miongozo ya kimataifa inashauri kwamba picha isimweke zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Mwalimu asikubali kiwambo kizima kiwake na kuzima kwa kila pigo la ngoma. La pili ni haki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi wa wimbo, na wimbo uliochukuliwa bila ya idhini hauwi halali kwa kuvishwa picha nzuri. Njia njema ni shule kurekodi kwaya yake, ngoma yake na wapigaji wa kijiji chake kwa ridhaa yao. Kwa kufanya hivyo itajikuta pia imehifadhi sauti ambazo huenda hakuna aliyezirekodi.

Nikirudi kwenye mikondo mitatu, sisemi ivunjwe. Kila mtaala hauna budi kupanga. Ninachokataa ni imani inayoanza kuota mizizi kwamba mtoto apendaye kuchora amejiondoa katika hesabu, na apendaye tarakilishi hana haja ya muziki. Iwapo usimbaji utafundishwa kwa mkondo mmoja tu, tutapata watu wanaojua amri zote na hawana la kuamuru. Iwapo sanaa nayo itafundishwa bila ya usimbaji, wasanii wetu wataendelea kutumia vyombo ambavyo mipaka yake iliwekwa na wengine kwa ajili ya ngoma nyingine. Hasara itakayotokea haitakuwa ya ajira peke yake. Muziki wetu utaendelea kupimwa kwa mizani isiyouelewa, na hatimaye vijana wetu wenyewe wataanza kudhani kwamba kisichoonekana katika kipimo hicho hakipo.

Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Tamasha la Muziki la Kenya lina historia inayorudi nyuma hadi mwaka 1927, na kila mwaka shule huandaa nyimbo na ngoma zake kwa bidii inayostahili sifa. Ingefaa shule zenye uwezo zijaribu, katika maandalizi yajayo, kuweka kipakatalishi kimoja kando ya wachezaji, na kuwapa wanafunzi wawili, mmoja wa hisabati na mmoja wa muziki, jukumu la kuifunza mashine hiyo ngoma ya shule yao. Watashindwa mara kadhaa, na kila wakishindwa watalazimika kurudi kwa mpiga ngoma na kumuuliza afanye nini hasa anapopiga. Na mwalimu atakayewaona wakiuliza swali hilo asiwaambie waache mchezo wakasome.